Umri wa Mnywaji na Leseni ya Muuzaji

 Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo lililo karibu sana na milango yetu, nalo ni kuuziwa vileo vijana ambao hawajatimiza miaka 18, katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Hatukuja kuwahukumu watu wazima wanywao. Mtu mzima ana akili yake na mfuko wake, na akikosea atajibu mwenyewe. Shauri letu ni juu ya watoto, na juu ya sheria zilizowekwa kwa ajili yao: kwa nini sheria hizo zimeshika vizuri mahali fulani, na kwa nini zinateleza mahali pengine.

Kwanza na tutazame mahali penyewe. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Mwaka 2000 mji uligawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Mitaa kama Tandale, Mwananyamala, Mbagala na Tandika imejaa watu kiasi cha kwamba nyumba hugusana na nyumba, na biashara huishi chini ya paa moja na familia. Chumba cha mbele ni grosari, chumba cha nyuma wanalala watoto. Mbele ya mlango kuna meza mbili na viti vya plastiki. Upande wa pili wa njia ni ukuta wa shule. Mtoto atokaye darasani saa nane mchana hahitaji kuitafuta pombe. Pombe iko njiani mwake, katikati ya duka la daftari na kibanda cha chipsi. Nasi walimu twaona ya kuwa vita yenyewe ndipo ilipo, katika hatua hizo mia za kutoka shuleni mpaka nyumbani.

Sasa twende kwenye sheria. Watu wengi hudhani kwamba nchi yetu haina sheria juu ya jambo hili, au kwamba ni maneno mapya yaliyoletwa juzi. Sivyo. Sheria ya Vileo ni ya mwaka 1968, nayo yaamuru ya kuwa kila auzaye vileo awe na leseni, tena leseni ya namna inayofaa biashara yake: wa baa mbali, wa duka mbali, wa klabu cha pombe za kienyeji mbali. Pombe haramu ya kukerekwa, tuiitayo gongo, haina leseni hata kidogo. Kisha mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, ambayo ilisema wazi kwamba kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ya kuwa ni kosa kumwuzia mtoto kileo. Basi mwenye baa hana pa kujificha. Hawezi kusema, “Kijana huyu ana ndevu,” au, “Amekwisha oa.” Sheria haikuuliza habari za ndevu wala za ndoa, imeuliza habari za miaka tu.

Yafaa hapa tukumbuke jambo moja la zamani, kwa kuwa wazee wengine wakisikia maneno ya kuzuia pombe, mioyo yao huingia uchungu, nao wana haki. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba wa Brussels, na mwaka 1919 ule wa Saint-Germain, na kwa mikataba hiyo yalikubaliana kuzuia pombe kali zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Katika Tanganyika serikali ya kikoloni iliendelea kumkataza Mwafrika pombe kali, huku Mzungu akinywa hotelini apendavyo. Mzee mwenye watoto na wajukuu alihesabiwa kama mtoto kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Vizuizi hivyo vililegezwa na kuondolewa katika miaka ya 1940 na 1950. Basi aliyeonja dharau ile haoni vizuri mtu wa serikali akisimama mlangoni na kusema, “Wewe kunywa, wewe usinywe.” Lakini tutofautishe. Sheria ya zamani ilimnyima mtu kwa kitu ambacho hakitabadilika mpaka kufa. Sheria ya leo yamwambia kijana, “Ngoja.” Kila mtoto akiishi atatimiza miaka 18, awe wa Oysterbay au wa Mbagala, naye siku hiyo kizuizi kitamwondokea bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wasikilizaji, huenda mtu akauliza: Je, kuna sheria yo yote ya vileo iliyopata kushika kweli kweli katika mitaa yetu? Ipo, nayo ina mafundisho makubwa. Mtakumbuka viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyotiwa pombe kali. Kiroba kiliuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliweza kuilipa kwa nauli yake ya daladala. Kiliingia katika mfuko wa shati, katika soksi, na ndani ya daftari lililokunjwa. Hakikuhitaji glasi, wala meza, wala kiti, wala giza. Mtoto aliweza kunywa nyuma ya choo cha shule katika muda wa mapumziko na kurudi darasani. Kiliuzwa na machinga pamoja na pipi, na dereva wa bodaboda alikinywa akiwa juu ya pikipiki.

Tarehe 16 Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani, alitangaza kwamba viroba vitapigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi mwaka ule ule. Wengi walicheka, wakasema ni maneno ya jukwaani. Hata hivyo siku ilipofika, marufuku yalianza kazi, na kanuni zake zilitungwa chini ya sheria ya mazingira, kwa kuwa vifuko vile vilikuwa pia takataka zilizoziba mifereji. Mtu aliyepita Tandika au Manzese baada ya hapo hakuona tena viroba vimetundikwa mbele ya maduka kama zamani.

Kwa nini katazo hili lilishika? Sababu ni kwamba lilimhusu mtu mmoja mmoja kidogo, likahusu kitu. Askari hakuhitaji kumwuliza mtu umri wake, wala muuzaji hakuhitaji kumpima mteja kwa macho. Kiroba kikionekana, ni kosa, akishike mtoto au akishike babu. Tena kilikuwa na viwanda vichache vinavyokitengeneza, na ni rahisi kufunga mlango wa kiwanda kuliko milango ya vibanda elfu. Jirani zetu wa Uganda walifuata njia hiyo hiyo ya kukataza vifuko mwaka 2019, na Kenya ilikuwa imekwisha vikataza katika sheria yake ya vileo ya mwaka 2010.

Lakini tusijidanganye. Kukataza kifuko si kukataza kilichomo ndani ya kifuko. Pombe ile ile iliendelea kuuzwa katika chupa ndogo. Chupa ni ghali kuliko kiroba, nayo haifichiki katika soksi, na hiyo ni faida kubwa kwa mtoto. Hata hivyo vijana wawili watatu wakichanga fedha, chupa moja hununuliwa. Hapo ndipo sheria ya kitu ilipofikia mwisho wake, na sheria ya mtu, yaani sheria ya umri, ikabaki peke yake kaunta. Na sheria ya umri ni ngumu kuliko ile nyingine, maana haimalizwi kwa siku moja ya tangazo. Yapasa itimizwe upya kila jioni, kila mara mkono wa kijana unyooshwapo na fedha.

Basi tuseme sasa habari za kuujua umri. Uso wa mtu hauna tarehe. Kijana wa miaka 16 aliyebeba mizigo sokoni huonekana mtu mzima; msichana wa miaka 20 aliye mwembamba huonekana mtoto. Muuzaji mwaminifu anaweza kukosea, na muuzaji mjanja atasingizia kwamba amekosea. Ndiyo maana watu wa nchi nyingine waliona hakuna budi kuuliza karatasi. Uingereza ilitunga sheria ya miaka 18 mwaka 1923, kwa juhudi za Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kukaa katika Bunge lao la Makabwela. Marekani mwaka 1984 serikali kuu iliyaambia majimbo kwamba jimbo lisilokataza kuwauzia wasiotimiza miaka 21 litapunguziwa fedha za barabara, na kabla mwaka 1988 haujaisha majimbo yote yalikuwa yamekubali. Vifo vya vijana barabarani kwa sababu ya ulevi vilipungua. Lakini huko kila kijana alikuwa na hati yenye tarehe yake, na muuzaji alizoea kuiuliza.

Kwetu je? Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na kitambulisho kilianza kutolewa kwa watu waliotimiza miaka 18. Wako wauzaji wengi wasiojua ya kuwa namba ya kitambulisho hicho yenyewe husema umri. Namba ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: nne za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku. Namba ikianza na 20080314, mwenyewe alizaliwa tarehe 14 Machi 2008, na hutimiza miaka 18 tarehe 14 Machi 2026, wala si siku moja kabla. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtu aliyemaliza darasa la nne. Hati nyingine ziko pia, kama kadi ya mpiga kura na leseni ya udereva.

Tatizo liko wapi? Liko hapa: watu wazima wengi walikaa miaka na namba tu bila kadi mkononi, na wengine hawatembei nayo kwa kuogopa kuipoteza. Na kwa upande wa watoto, vyeti vya kuzaliwa vimekuwa haba. Uchunguzi wa afya ya jamii wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa walikuwa karibu robo tu. Mtoto asiyeandikishwa ana umri wa kukisia, na umri wa kukisia huongezeka upesi mbele ya kaunta. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mzazi anayekwenda kumwandikisha mtoto wake mchanga anamlinda pia na mambo ya miaka 15 itakayokuja, ingawa siku ile anafikiri habari za shule tu.

Wengine husema, “Basi, kwa kuwa si kila mtu ana kitambulisho, sheria haiwezekani.” Sisi hatukubali. Twasema mzigo na uwe juu ya anayetaka kununua. Kama muuzaji ana shaka, na mteja hana cha kuonyesha, asimwuzie. Mtu mzima aliyekataliwa leo amepoteza chupa moja, na kesho atakuja na kadi yake. Mtoto aliyekubaliwa leo huenda akapoteza kitu ambacho hakuna kesho itakayokirudisha.

Lakini kuna mlango mmoja ambao kitambulisho hakiwezi kuufunga, nao ndio unaotutia hofu kuliko yote. Mtoto wa miaka tisa huja dukani na noti, husema kwa adabu, “Shikamoo. Baba kanituma bia mbili.” Muuzaji anamjua mtoto, anamjua na baba, naye ni jirani yake wa ukuta. Hutoa chupa, huzifunga katika gazeti, humpa na chenji. Hakuna hata mmoja hapo anayedhani ametenda kosa. Baba amekaa barazani akingoja. Mtoto amekuwa mtiifu. Muuzaji amekuwa jirani mwema. Hata hivyo sheria imevunjwa, na mtoto amefundishwa mambo matatu kwa safari moja: njia ya kwenda, bei ya chupa, na neno la kusema. Akifika miaka 14 atasema neno lile lile, “Baba kanituma,” na safari hii baba hajui. Muuzaji atajuaje tofauti? Hawezi. Kwa hiyo kama twataka neno hilo lisifungue mlango siku ya uongo, hatuna budi tulinyime nguvu hata siku ya kweli. Baba anayetaka bia na aende mwenyewe kwa miguu yake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Nasi twaongeza kwamba hata upinde mbaya huingia wakati ule ule wa ubichi.

Tena tukumbuke watoto walio upande wa pili wa kaunta. Wako wasichana waliotoka mikoani wakaahidiwa kazi za nyumbani, wakajikuta wanahudumia meza za baa usiku. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 hukataza kumtia kijana wa chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari. Mwenye baa anayeuliza umri wa wanywaji, na asiulize umri wa anayebeba sinia, amefagia ua na kuacha uchafu chumbani.

Sasa twarudi kwenye leseni, maana mkononi mwa mji silaha iliyo kubwa ndiyo hiyo. Leseni si mali ya mtu kama shamba lake. Ni ruhusa, nayo ina muda wake, na muda ukiisha yapasa iombwe tena. Yeye aombaye hupita kwa watu: serikali ya mtaa humjua, afisa afya hutazama mahali pake, na afisa biashara wa halmashauri hupokea karatasi zake. Kila mmoja wa hao ana nafasi ya kuuliza swali moja: “Je, hapa watoto huuziwa?” Kama swali hilo haliulizwi, leseni hubaki kuwa risiti ya kodi tu. Halmashauri hupata fedha, ukuta hupata karatasi yenye muhuri, na mtoto hapati kitu.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kuipa leseni meno. Sheria yao ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilikataza kuuza vileo karibu na shule kwa umbali wa chini ya mita 300, ikaweka saa za baa siku za kazi kuwa tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Hatusemi kwamba ulevi wa vijana ulikwisha Kenya, haukwisha. Lakini twaona hekima ya kupima kwa mita na kwa saa. Mita hupimwa kwa kamba na saa husomwa ukutani, na mtu hawezi kubishana na kamba. Katika mitaa iliyosongamana kama Tandale, mita 300 kutoka shule moja huishia mlangoni mwa shule nyingine, kwa hiyo kipimo chenyewe chahitaji kutazamwa. Lakini saa za masomo ni zile zile mahali pote. Grosari iliyo mbele ya shule isiyouza kileo chochote mpaka watoto wamekwisha kufika nyumbani imefanya kazi kubwa bila kuvunjwa hata tofali moja.

Twajua jibu la wauzaji, kwa kuwa tumelisikia mara nyingi. Husema, “Mwalimu, nikimkataa mimi, jirani yangu atamwuzia. Nami nina kodi ya pango na ada za watoto wangu.” Neno hili si la kudharauliwa. Mama mwenye kibanda cha wanzuki Mbagala hapati faida ya kutajirika; hupata chakula cha jioni. Akiwa peke yake katika wema wake, ataumia peke yake. Ndiyo sababu hatuwezi kuiacha kazi hii juu ya moyo mwema wa mtu mmoja. Wauzaji wa mtaa mmoja wakikaa pamoja na mwenyekiti wao, wakapatana kwamba hakuna hata mmoja atakayemwuzia mtoto, hapo hakuna apotezaye, kwa kuwa kijana hana pa kwenda. Na mmoja akivunja mapatano, wenzake watamjua kabla ya polisi.

Na askari na maofisa nao wana haki ya kusikia neno. Ukaguzi unaokuja mara moja kwa mwaka na kumalizika kwa bahasha ni mbaya kuliko kukosa ukaguzi, maana humfundisha muuzaji kwamba sheria ina bei, na bei hiyo ataitafuta kwa kuuza zaidi. Ukaguzi mdogo wa mara kwa mara, usiotangazwa, na wenye kumfungia mkosaji leseni yake mbele ya jirani zake, huogopwa kuliko faini kubwa isiyotozwa.

Wasikilizaji wetu, huenda mkasema kwamba walimu hupenda kuwapa watu wengine kazi. Basi tutaje na yetu. Mwalimu akiona mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anasinzia saa tatu asubuhi, harufu ikiwa mdomoni, njia rahisi ni fimbo na kufukuza. Lakini mtoto aliyefukuzwa shule hufukuzwa kuelekea wapi? Huelekea barabarani, kwenye meza zile zile mbili na viti vya plastiki, na sasa anao mchana kutwa. Kazi yetu ni kuuliza amekunywa nini, amekinunua wapi, na nani anajua. Kisha kwenda kwa mzazi wake kabla ya kwenda kwenye kitabu cha adhabu. Twawafundisha walimu vijana katika chuo chetu jambo hilo kama tunavyowafundisha hesabu. Darasa ni mahali pa kwanza panapoweza kuona, na mara nyingi ndipo mahali pa mwisho panaposema.

Kwa kumaliza, na tuyakusanye maneno yetu. Muuzaji, ukitia shaka, uliza tarehe. Ukikosa tarehe, usiuze. Mzazi, mwandikishe mtoto wako, na ukihitaji kinywaji chako ukifuate mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa, uliza swali la watoto kabla ya kutia sahihi yako. Afisa, njoo mara nyingi na mikono mitupu, uondoke na mikono mitupu. Mwalimu, tazama, uulize, usifukuze. Hakuna neno hata moja katika haya lihitajilo sheria mpya kutoka Dodoma. Sheria tunazo tangu 1968 na 2009. Kilichobaki ni sisi tukaao katika mitaa hii kukubali ya kuwa mtoto wa jirani, akija na noti yake mkononi, ni mtoto wetu pia.